Kobugabe na Supu ya Ngozi

Ng'ombe akianguka katika boma la Ndyamukama, fisi wa upande wa Nyakatuntu hawakujisumbua kuja. Walishajua kwa uzoefu wa miaka mingi kwamba mwanamke wa boma lile hatawaachia kitu cha maana. Mwanamke huyo ni Kobugabe, ambaye padri alimbatiza Placidia, na zaidi ya padri hakuna aliyewahi kumwita hivyo.

Aliolewa kwenye miaka ya 1920, msichana mrefu kutoka malisho ya mbali, hajui kupika zaidi ya kuchemsha nyama na kutia chumvi. Siku zake za mwanzo pale, mama mkwe wake, Kemilembe, alimwona akitupa bandama ya fahali nje ya uzio. Bibi huyo akainuka, akaenda kuiokota, akaipangusa vumbi kwa kiganja, akairudisha mbele yake.

"Mwanangu," akasema, "ng'ombe ana vitu viwili tu visivyolika: mlio wake na kivuli chake. Vingine vyote ni kazi ya mwanamke."

Akamfundisha. Damu ilitolewa shingoni mwa ng'ombe mzima kwa mshale mfupi, ikapigwapigwa kwa kijiti isigande, ikapikwa polepole kwa samli na chumvi mpaka ikashikana na kukatika kwa kisu. Kwato zilifukiwa kwenye majivu ya moto hadi zikapasuka zenyewe na kutoa kile kijinofu laini cha ndani, ambacho wanaume waligombania kama watoto. Mifupa ilitwangwa, ikachemshwa, mafuta yake yakaenguliwa kwa kipande cha kibuyu. Majani yaliyokutwa tumboni mwa ng'ombe yalikamuliwa, na maji yake ya kijani, machungu, yakatiwa kwenye utumbo. Mgeni aliyekula alisifu sana, mpaka alipoambiwa. Ndama aliyekutwa tumboni mwa mama yake alipikiwa wazee wasio na meno, wao peke yao, na vijana walikatazwa hata kuchungulia chungu.

Ngozi ilifundishwa mwisho, kwa sababu ngozi ni chakula cha njaa. Si ngozi mbichi tu. Hata ile kavu iliyolaliwa miaka kumi. Ilibabuliwa manyoya, ikakwanguliwa, ikalowekwa siku nzima katika maji ya majivu, ikaoshwa na kuoshwa tena, ikakatwa vipande vya ukubwa wa kiganja, ikachemshwa tangu alfajiri hadi saa ng'ombe wanaporudi. Ikiiva ilikuwa laini, inateleza, ina ladha ya moshi. Kemilembe alimfundisha kwa ngozi moja tu, kisha akamwambia amwombe Mungu asije akahitaji kuipika nyingine.

Mwanafunzi akampita mwalimu. Majirani walimtania kwamba Kobugabe anaweza kutoa supu hata kwenye kamba ya kufungia ndama, na wakishamaliza kumtania walimletea bakuli awajazie. Naye aliwajazia. Mwanamke yule alikuwa na mkono mkali kwa vitu na laini kwa watu, na hilo si jambo la kawaida. Wengi wetu ni kinyume chake.

Kisha vichaka vikaanza kusogea. Mahali palipokuwa na nyasi tupu pakaota miiba, na katika miiba ile wakaja mbung'o. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya arobaini, Kemilembe ameshakufa, na Jovitha, mtoto pekee wa Kobugabe aliyekua, ameshaolewa na mkulima kule Kanoni. Ng'ombe walianza kutoa machozi. Manyoya yakasimama, mbavu zikahesabika, wakabaki nyuma ya wenzao malishoni, wakalala, hawakuinuka. Bwana mifugo alipita akasema watu wahame. Waliohama walipoteza ng'ombe wao njiani, nao wenye kubaki walipoteza wao nyumbani.

Ndyamukama alibaki. Kwa miaka mitatu mke wake alipika mfululizo, na mtu asiyejua angedhani ni boma la karamu. Walikula vizuri kuliko walivyopata kula maishani mwao, na kila tonge lilikuwa la msiba. Ngozi hakuuza hata moja. Alizitandaza zikauka, akazirundika ukutani.

Mwaka wa tatu ulipokwisha, zizini alibaki ng'ombe mmoja, Gaju, mwekundu wa kahawia, wa uzao wa ng'ombe wa babu yake Ndyamukama. Ndama wake alikuwa amekufa. Kila alfajiri Ndyamukama alimwekea mbele ngozi ya yule ndama iliyojazwa nyasi. Gaju aliilamba, akadanganyika, akaachia maziwa yasiyozidi kibuyu kidogo. Hiyo ndiyo ngozi pekee ambayo Kobugabe hakuwahi kuitazama kwa jicho la chungu.

Hapa yafaa nieleze mwiko, maana bila mwiko huu Kobugabe angekufa bibi mwenye amani. Watu wa ng'ombe hawakuchanganya maziwa na maharage. Viazi vitamu vilevile. Anayekunywa maziwa ya ng'ombe fulani akila maharage, chuchu za ng'ombe yule hukauka, na mwenyewe hudhoofu na kufa. Nyama ya ng'ombe ilikuwa na nafasi yake: jioni nyama, asubuhi maziwa, tumbo limeshatulia. Aliyelazimika kula maharage alikaa siku kadhaa bila kugusa maziwa mpaka atakasike. Walibatizwa, wakavaa rozari, wakajifunza Baba Yetu, na mwiko ukabaki palepale, kwa sababu padri alikuja kuwafundisha habari za roho, na habari za ng'ombe walikuwa wakizijua wao.

Mwaka ule mvua ya mawe ikalaza migomba yote ya bondeni. Ndizi hakuna, ulezi hakuna. Kilichowahi kukomaa kwa wakulima ni maharage tu. Kobugabe alikata shauri mapema: akamwachia mume maziwa yote, akaacha kabisa kuonja, akaacha hata kugusa vyombo vyake, na yeye akawa anateremka kwa Rozi kula maharage. Rozi alikuwa mke wa mkulima wa bondeni; tangu ujana wao walibadilishana samli kwa ndizi. Ndyamukama alijua, na ilimuuma kumwona mke wake akila kama mtu asiye na zizi, lakini hakumkataza. Mwenyewe alikataa. Angekula nini, na Gaju yupo? Jovitha alituma watu mara mbili kuwaita Kanoni. Ndyamukama akajibu kwamba nyumba ile ina harufu ya maharage hadi kwenye kuta.

Kibuyu kidogo kimoja kwa siku hakimshibishi hata mtoto. Ndyamukama, aliyekuwa mtu wa mabega, alianza kushikilia nguzo akiinuka. Basi Kobugabe akageukia lile rundo la ngozi. Ngozi ni ng'ombe, na ng'ombe ni halali ya jioni. Alizipika moja baada ya nyingine, wakazila, na mume akawa kila ngozi anaitambua mwenyewe: huyu ni yule wa pembe iliyovunjika, huyu ni mama yake Gaju. Zile za ukutani zikapungua, zikabaki chache za akiba. Akapika ya kulalia. Akapika vazi lake la ngozi alilokuja nalo bibi arusi, na lile Ndyamukama alilila bila kulitaja jina.

Supu ya ngozi hujaza tumbo, haijengi mwili. Kobugabe alilijua hilo vizuri kuliko mtu yeyote wa Karagwe nzima. Alimwona mume wake akiisha mbele yake huku bakuli likirudi tupu kila jioni. Alikuwa amemzika mtoto wa kwanza na wa pili, akamzika mama mkwe aliyempenda. Huyu hakutaka kumzika. Hilo ndilo lililokuwa moyoni mwake, wala halikuwa jambo la kufikiria sana.

"Dada, mwenye njaa hana miiko," Rozi alimwambia siku moja, wakiambua maharage.

"Aliyesema hivyo hakumjua mume wangu."

"Basi asijue."

Rozi alisema vile kwa mzaha tu. Kobugabe hakucheka. Akainamia ungo, akaendelea kuambua.

Aliyapikia palepale kwa Rozi, ili harufu isifike nyumbani. Alichemsha maharage hadi yakapasuka, akayamenya ganda moja moja, akayaponda, akayachuja kwenye kikapu cha kuchujia pombe, akaanika ule uji juani juu ya jani la mgomba lililonusurika mawe. Ulipokauka akausaga ukawa unga. Akaufunga kwenye mkoba wake wa tumbaku. Jioni ile, supu ilipokuwa inachemka, akatia viganja viwili, akakoroga, akaongeza damu kavu iliyosagwa ili rangi iwe nyeusi, na samli kidogo ya mwisho mwisho iliyokuwa imegandia kwenye chombo. Ilikuwa kazi ya fundi. Hata Kemilembe asingetambua.

Ndyamukama akanywa. Akatulia, akanywa tena.

"Leo supu ina uzito," akasema.

"Ni ngozi ya yule fahali wa baba yako. Alikuwa na unene."

"Alikuwa nao," akasema mumewe, na kwa mara ya kwanza katika miezi mingi akasimulia: jinsi fahali yule alivyovuka mto wakati wa mafuriko, jinsi alivyomtupa mtu juu ya uzio, jinsi baba yake alivyomlilia. Kobugabe alisikiliza akiwa amelishika bakuli tupu mikononi, mwenye hofu na mwenye furaha kwa pamoja.

Ikawa hivyo kila jioni, na baada ya mwezi mmoja Ndyamukama aliacha kushikilia nguzo. Baada ya mwezi na nusu alitembea mpaka malishoni nyuma ya Gaju. Kisha akasema anakwenda Chonyonyo kwa binamu yake Kakuru, kumwomba ng'ombe wa kutunza, kama jamaa wa zamani walivyopeana. Ilikuwa safari ya siku mbili kwenda na siku mbili kurudi. Kobugabe alimfungia vipande vya ngozi iliyokaushwa, akamwomba kijana wa jirani aje kumkamua Gaju, akakaa kusubiri. Siri ya mtungi muulize kata. Na siri ya chungu kile aliijua Kobugabe peke yake, nayo siku zile ilimfanya ajione mwerevu. Simlaumu. Alikuwa amemwokoa mume wake na mwiko haujapiga kelele.

Mume alirudi siku ya sita, mikono mitupu. Kakuru naye hakuwa na ng'ombe hata mmoja. Ndyamukama alisema kidogo sana juu ya njia, akaketi, na asubuhi yake akamkamua Gaju akanywa kama kawaida.

Wiki ya pili baada ya safari ile, Gaju alianza kutoa machozi.

Kobugabe aliyaona machozi yale kabla ya mumewe. Alijua habari za mbung'o. Alikuwa amewaona ng'ombe wote wa nchi ile wakitoa machozi yaleyale, na wenye ng'ombe wale hawakutia unga wa maharage mahali popote. Lakini kujua ni jambo moja, na kumwona Gaju akikauka chuchu ni jambo jingine. Aliuzika mkoba wa tumbaku, unga na vyote. Supu ikarudi kuwa nyepesi. Ndyamukama hakuuliza kwa nini.

Gaju alikufa asubuhi moja ya jua, akiwa amelaza kichwa juu ya ile ngozi ya ndama wake.

Ndyamukama alikaa kando yake mpaka jua lilipofika utosini. Kisha akaita, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mama Jovitha, njoo ukae hapa." Kobugabe akaenda akakaa.

"Nina neno. Nisiposema leo sitasema tena."

"Sema, baba."

"Nikirudi toka Chonyonyo niliishiwa nguvu. Kuna mkulima mmoja, Rwegoshora, alinikuta nimekaa njiani, akaniingiza kwake. Akaniwekea maharage. Nilimwambia mimi sili. Akasema sawa, akayaacha mbele yangu, akatoka. Nikala. Nikala yote, nikafuta na bakuli kwa kidole."

Kobugabe alifukuza nzi machoni mwa Gaju.

"Nilitakiwa nikae siku zangu bila maziwa. Lakini ningekaa, ungeniuliza kwa nini. Niliona aibu kwako, wewe unayejinyima. Basi nikanywa. Huyu nimemuua mimi."

"Ni mbung'o, baba Jovitha. Ni mbung'o, kama wale wengine."

"Wale wengine ni mbung'o. Huyu alivumilia mbung'o miaka mitatu." Akaupapasa mgongo wa Gaju. "Jambo moja linanipa nguvu. Katika nyumba hii umebaki mkono mmoja safi, wako. Kama ingekuwa wewe uliyefanya hivi, nisingejua tena nimwamini nani duniani."

Hapa ndipo natamani kusema kwamba Kobugabe alifungua kinywa. Alikifungua kweli. Neno lilikuwa limeshafika kwenye meno: kwamba kabla ya Rwegoshora kulikuwa na viganja viwili kila jioni, mwezi mzima na zaidi, na kwamba kama kuna mwenye kosa basi wapo wawili, na wakae pamoja walilie. Lingempunguzia mume wake nusu ya mzigo. Labda lote. Lakini lingemwondolea ule mkono safi, na mkono ule ndio pekee aliobaki akiushikilia. Kobugabe akafunga kinywa chake. Akasema, "Ngoja nichukue kisu."

Alimpika Gaju kama hajawahi kupika ng'ombe. Aliita majirani waliobaki. Ulimi, kiwele, ubongo uliovurugwa kwa samli aliyopewa na jirani, utumbo kwa maji yake machungu, mifupa, kwato, mkia; hakuna kilichotupwa, na watu walikula huku wakimsifu mpishi kwa sauti ya chini kama watu walio matangani. Sehemu ya mume aliipeleka mwenyewe, nundu yenye mafuta. Ndyamukama aliigusa kwa kidole, akamrudishia.

"Nimekula yangu Chonyonyo," akasema.

Hakula siku ile wala siku iliyofuata. Akaacha supu, akaacha nyama iliyokaushwa. Maji alikunywa. Maharage sasa yalikuwa halali kwake, maziwa hayapo tena ya kuchanganya nayo, na Kobugabe alimpikia kwa Rozi yakiwa bora kuliko maharage yoyote ya Rozi, akayaleta wazi, bila kuficha, akamwekea mbele. Aliyatazama kwa chuki ambayo Kobugabe hakuwahi kuiona usoni pake. Kila asubuhi Kobugabe aliamka ameazimia kumwambia. Kila asubuhi mume wake alimtazama na kusema, "Pole, mama, nimekuletea tabu," na azimio likaanguka. Alijiambia atamwambia akipata nguvu kidogo ya kuhimili. Ndyamukama hakupata nguvu. Alikufa siku ya ishirini na kitu, na Jovitha alifika kutoka Kanoni akamkuta mama yake ameketi karibu na chungu cha maharage yaliyochacha.

Kobugabe alikwenda kuishi Kanoni. Huko alijifunza jembe, akiwa na umri wa kuacha jembe, na wajukuu wake wakakua kwa ndizi na maharage bila kujua kama kuna lililo baya. Jovitha alipomwomba awafundishe wajukuu kupika ngozi, alisema amesahau.

Ilimchukua miaka minane kwenda kuungama. Ilikuwa kabla ya Pasaka, miaka ya hamsini imeshaanza, na foleni ilifika mlangoni mwa kanisa. Alikuwa ameyapanga maneno tangu nyumbani, kwanza maharage, kisha ule ukimya, maana katika miaka minane alikuwa ameelewa kwamba la pili ndilo zito. Akapiga magoti. Akaeleza mwiko, supu, unga, Gaju.

Padri alisikiliza kwa subira. Alikuwa mtu mwema, na Kobugabe aliisikia sauti yake ikitabasamu nyuma ya kidirisha.

"Mwanangu, maharage hayaui ng'ombe. Ni mbung'o. Hata serikali inajua. Ulimlisha mume wako mwenye njaa; hiyo ni huruma. Dhambi iko wapi hapo?"

"Lakini padri, sikumwambia. Alikufa akiamini ni yeye."

"Aliamini kitu ambacho hakipo. Huwezi kumwibia mtu kitu ambacho hakipo. Alikufa kwa kutojua, maskini. Mwombee. Malipizi sikupi, nenda kwa amani."

Kobugabe hakuinuka. Mpaka saa ile, katika uchungu wake wote, mume wake alikuwa amekufa kwa ajili ya Gaju. Alikuwa amekosa akajihukumu, kama mwanamume wa ng'ombe anavyopaswa. Sasa padri alikuwa amelichukua hata lile kosa, kwa upole kabisa. Basi Ndyamukama alikufa bure. Alikufa kwa bakuli moja la maharage yasiyodhuru, na neno moja la mke wake lingetosha kumwinua, na mke wake alikuwa nalo mdomoni.

"Umemaliza, mama?" padri aliuliza.

Alisema amemaliza. Mwanamke aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni alimshika mkono kumsaidia kusimama, akamwambia pole, magoti yanasumbua ukizeeka.